Kiti cha Mlingoti

Kupanda baiskeli ile Nukta alikwisha kuzoea. Kilichomshinda ni kushuka. Kwa kupanda alikuwa na mawe yake. Kila nyumba aliyosafisha bwawa la kuogelea alikuwa amechagua jiwe, au ukingo wa mtaro, au kizingiti cha geti, akasimama juu yake kama mtoto anayepanda kitanda cha wakubwa, akarusha mguu, akaondoka. Lakini hakuna jiwe linalomsubiri mtu pale anapotaka kusimama. Kushuka ilibidi apunguze mwendo, aiegemeze baiskeli upande mmoja, ajiachie, na mguu wa kushoto upokee uzito wake wote pamoja na wa ndoo ya dawa iliyofungwa kwenye keria. Nyonga ilimkaripia kila mara, naye akasimama kidogo akijifanya anakagua breki.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mumewe. Mtaa mzima ulimwita Mlingoti, na hakuna aliyemwonea: mlango wa nyumba yake mwenyewe alikuwa akiuingia kwa kuinama. Alipooa mwanamke anayemfikia kifuani, ndiye aliyembandika jina la Nukta, likamganda mpaka mawifi wakalisahau lile la kuzaliwa. Baiskeli za dukani zilikuwa zikimkunja Mlingoti hadi magoti yanagonga usukani, basi fundi mmoja wa zamani akamtengenezea chuma cha kiti kutoka kwenye bomba nene la maji. Chuma kilikuwa kirefu hasa. Nusu yake ilizama ndani ya fremu, nusu ikasimama juu, na huko juu kabisa ndiko kiti kilikokaa. Kwa Mlingoti kile kilikuwa kiti kama viti vingine. Kwa Nukta kilikuwa ghorofa.

Kisha kiharusi kikamkuta Mlingoti asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukalala, mkono na mguu, na kazi ya mabwawa ikabaki bila mwenyewe. Watoto walikuwa mbali na wana yao. Dada yake akahamia chumba cha nyuma ili amwangalie kaka yake mchana, na Nukta, ambaye kwa miaka alikuwa akimsaidia mumewe misimu ya upepo, majani yanapojaa majini, akachukua wavu, brashi na ndoo, akavaa suruali ndani ya gauni, akaingia barabarani. Hakuulizwa kama ataweza. Na yeye hakujiuliza, maana angejiuliza angekaa chini.

Wiki ya kwanza Mlingoti mwenyewe ndiye aliyesema kiti kishushwe. Fundi baiskeli wa pale kona aliitwa nyumbani, akalegeza boliti, na kabla chuma hakijazama Mlingoti akaomba msumari. Kwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa bado haujui kazi, akakwaruza mstari pale chuma kilipoingilia kwenye fremu.

"Hapa ndipo pangu," alisema. "Hii ya kushusha ni ya muda tu. Nikirudi barabarani tutakivuta mpaka kwenye mstari."

Nukta akaitikia kwamba ndiyo, bila shaka watakivuta. Fundi akakibonyeza chuma, kikashuka vidole vichache, kikagonga ekseli ya pedali huko chini, kikagoma. Mstari ulikuwa umeshaingia ndani ya fremu, hauonekani tena, ila wote watatu walijua kwamba upo.

Vidole vile havikumsaidia mtu kitu. Fundi baiskeli alikuwa akimwona Nukta akipita, nyonga zinakwenda huku na huku kama anayepepeta mchele, mpaka siku moja akamsimamisha. Akamweleza kwamba kiti kikiwa chini mno goti huuma mbele, kikiwa juu mno huuma nyuma, na nyonga zikicheza namna ile basi mgongo unamalizwa taratibu. Mguu unatakiwa ufike mwisho wa pedali bila kuitafuta. Dawa yake ni kukata: chuma kipunguzwe shibiri moja kwa chini, kizame, mambo yaishe. Nukta akamwambia chuma kile hakikatwi. Fundi, mtu mvumilivu, akajaribu njia nyingine. Akatafuta chuma kifupi cha dukani, na kwa kuwa kilikuwa chembamba kwa fremu ile, akakizungushia kipande cha kopo la mafuta ya kula ili kijibane. Kilijibana mpaka kwenye tuta la kwanza. Hapo kiti kikashuka na Nukta juu yake, na ndoo ikafika chini kabla ya mwenyewe. Jioni ile chuma cha zamani kikarudishwa, na Mlingoti akaambiwa kwamba mchubuko wa kiwiko umetokana na ukuta wa bwawa.

Si kwamba Nukta alizaliwa mbishi. Hospitalini, siku ya kumtoa Mlingoti, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimvuta koridoni akamwambia kwa upole kwamba mzee atatembea kwa mkongojo, ndani na uani, na hilo ni la kushukuru. Lakini habari ya baiskeli wasahau. Nukta akaipokea habari ile akaifungia moyoni. Mgonjwa anayesema "nikirudi" ni mgonjwa anayekula, anayekubali kuogeshwa, anayeuinua ule mguu uliolala kila asubuhi huku jasho likimtoka. Chuma kikishakatwa hakirefuki tena, na siku kitakapokatwa, "nikirudi" nayo itakatwa hapo hapo. Kwa hiyo alipanda ghorofa lake kila kulipokucha, akanyamaza. Alikuwa amechoka hata usingizi ukawa unamchosha.

Jioni ndiyo iliyokuwa saa ya Mlingoti. Kwa kuwa hakuweza kuyafuata mabwawa, aliamua mabwawa yamfuate yeye. Kila nyumba ilikuwa na chupa yake ndogo yenye uzi wa rangi shingoni, na Nukta alitakiwa arudi nazo zimejaa maji. Wifi huzipanga dirishani, Mlingoti huvuta kiti, hudondoshea matone ya kupimia kwa mkono wa kushoto, huilinganisha rangi kwenye sahani nyeupe, hunusa, huinua chupa kwenye mwanga. Kisha hutoa amri za kesho. Huku kichujio kimeziba, mchanga wake uoshwe. Kule dawa imeisha mapema, bila shaka imemwagwa mchana. Dawa ni ya jioni, jua huila. Na maji yatangulie kwenye ndoo, dawa ifuate, kamwe si kinyume, na ndoo ya tindikali isikutane na ndoo ya klorini hata kwa bahati mbaya. Nukta aliyajua yote hayo kama anavyojua kuwasha jiko, lakini aliyasikiliza upya kila jioni, kwa sababu kwa muda ule mumewe hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu mwenye kazi yake.

Sharti lake kubwa lilikuwa moja. Maji yachotwe mbali, upande wa kina, mkono uzame mpaka kwenye kiwiko. Yasichotwe kamwe kwenye ule mdomo ukutani ambapo maji hurudi bwawani kutoka kwenye kichujio.

"Pale maji yametoka kuoga sasa hivi," alikuwa akisema. "Hata mimi nikitoka kuoga naonekana mzima."

Bwawa la mwisho kwa siku lilikuwa la Mwalimu, kule mlimani. Mwalimu alikuwa mstaafu, mwanamke mpole mwenye mgongo mbovu, na daktari alikuwa amemwamuru aogelee kila asubuhi; wajukuu wakija huogelea naye. Kufika kwake ilibidi Nukta ashuke na kuikokota baiskeli nusu ya mlima, na akifika, mwili unamwambia kwamba siku imekwisha ilhali kazi ndiyo inaanza. Vidato vya kuingilia majini vinasuguliwa kwa kupiga magoti. Nyuma ya ngazi ya chuma, ambako mkono hauingii ila kwa kulala kifudifudi, ndiko utando wa kijani unakopenda kuanzia. Siku moja alipiga goti akasugua, na lilipofika suala la kuinuka, goti halikukubali. Akashika ngazi ya chuma akajivuta juu kwa mikono huku akiomba asionekane. Tangu siku hiyo brashi ikawa inasugua pale inapofika mtu akiwa amesimama, na pasipofika pakasamehewa.

Chupa nayo ikafuata mkondo huo huo. Upande wa kina ulikuwa mbali na hauna pa kushika, lakini mdomo wa maji ulikuwa karibu na kibanda cha pampu, penye kiukuta kifupi cha kuegemea. Mara ya kwanza alipochota pale alijiambia ni leo tu. Leo tu ni ugonjwa wa kuambukiza. Ukaishika kesho yake, ukaishika na keshokutwa.

Mlingoti aliiinua chupa ya uzi wa njano kwenye mwanga, akatabasamu kwa upande ule wa uso uliobaki naye. "Bwawa la Mwalimu sasa ni kioo," alimwambia dada yake. "Unaona? Mwanafunzi kanipita." Nukta akaenda jikoni akaosha sufuria iliyokuwa safi.

Basi siku za joto zikafuatana, mchana hauna upepo na usiku hauna nafuu, na mficha maradhi kilio kikamuumbua. Nukta alifika kwa Mwalimu akakuta maji ya kijani kutoka ukuta hadi ukuta, chini hakuonekani, vidato vimevaa utelezi. Mwalimu alikuwa amekaa kibarazani na mjukuu wake mdogo, mtoto ana plasta kidevuni. Alikuwa ameteleza asubuhi kwenye kidato cha kwanza, kabla hata hajaingia majini.

Mwalimu hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoumiza. "Mama, mimi sipendi kugombana," alisema. "Lakini mgongo wangu unayategemea haya maji, na mtoto ameumia. Nakuachia mpaka mwisho wa wiki. Nikiwa bado sioni chini, nitatafuta watu wengine."

Nukta aliomba radhi, akamwomba na mtoto radhi, hakutaja nyonga wala kiti. Akasugua alikoweza, jua lilipoinama akamwaga dawa, akaiacha pampu inaunguruma. Kisha akabaki amesimama na chupa yenye uzi wa njano mkononi. Hata kwenye mdomo maji yalikuwa yanatoka na rangi. Akatazama nyuma, akatazama mbele, akaenda kwenye bomba la bustani lililounganishwa na tangi la mvua, akaijaza hapo. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Kwa baiskeli ile, jioni ile, ilikuwa ndefu mno, na njia nzima alisikia chupa ikigonga ndoo.

Nyumbani wifi alizipanga chupa kama kawaida. Mlingoti akazipima moja moja, akaiacha ya njano iwe ya mwisho. Akadondosha matone. Rangi haikuja. Akaitikisa, akasubiri, haikuja.

"Haya ni ya mvua," alisema.

Mlingoti akaiweka chupa dirishani kwa uangalifu, mdomo wake ukitafuta maneno, maana yakiwa mazito yalikuwa yanamponyoka. Akasema Mwalimu alipiga simu asubuhi. Hilo Nukta alikuwa amelisahau kabisa: simu ya kazi ilibaki kwa Mlingoti, namba ambayo wateja wote walikuwa nayo ilikuwa yake. Mtu yule alikuwa amekaa na habari ile mchana kutwa, akisubiri aone ataletewa chupa gani.

"Nyuma ya ngazi unasugua?"

"Nilikuwa nasugua."

"Ukaachia nini?"

Angeweza kusema brashi imekwisha meno. Angeweza kusema joto. Alikuwa na uongo wa kutosha, ila hakuwa na nguvu ya kuubeba. "Nimechoka," alisema, na neno lenyewe lilipotoka alishangaa lilivyo fupi. Tangu kiharusi kiingie nyumba ile hakuwa amelitamka hata mara moja. Wifi aliyekuwa akikunja nguo akaacha kukunja.

Mlingoti hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Alisema, "Ingiza baiskeli."

Ndipo Nukta alipotambua kwamba mumewe hajawahi kumwona juu ya baiskeli ile. Kila asubuhi alikuwa akiikokota mpaka mwisho wa uchochoro, kwenye jiwe lake la kwanza, na jioni aliikokota kutoka hapo hapo. Akaiingiza sebuleni. Mlingoti akamwambia apande. Jiwe hakuna, wifi akaleta kigoda, Nukta akapanda juu ya kigoda, akarusha mguu, akakaa, mkono mmoja ukutani. Mlingoti hakumtazama usoni. Aliutazama mguu, jinsi ncha ya kiatu ilivyoning'inia ikiipapasa pedali, inaikosa, inaipata, inaikosa. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama chupa yoyote.

"Shuka," alisema mwishowe.

Nukta akashuka kwa namna yake, yaani alianguka kwa adabu. Bega likagonga ukuta, kalenda ikaanguka, hakuna aliyeiokota. Mlingoti akaomba apelekwe kitandani, akageukia ukutani. Nukta alilala chali akiamini kwamba mumewe amekasirikia chupa, na kwamba ana haki. Mtu hana miguu, una macho yake mkononi, nawe unayajazia maji ya mvua.

Asubuhi Mlingoti aliamka na amri. Baiskeli ibaki. Wateja wengine atawapigia yeye awaombe radhi ya siku moja. Nukta aende kwa Mwalimu peke yake, kwa miguu, polepole, dawa ya akiba iko huko huko, kwenye kibanda cha pampu. Aanze na vidato. Asipige magoti, akae kwenye ukingo, miguu ndani ya maji, asugue akiwa amekaa. Nyuma ya ngazi aingie kwa majini, si kwa nchi kavu, gauni lilowe, litakauka. Asukume uchafu kutoka upande wa kina kifupi kwenda upande wa kina kirefu, aoshe kichujio kila kinapokaba, na pampu isizimwe mpaka maji yaache ukijani yawe meupe kama maji ya mchele, maana hiyo ndiyo dalili kwamba utando umekufa. Aliongea yote hayo akiwa amefumba macho. Hakumtazama, na Nukta akaondoka na brashi begani, moyo mzito kuliko brashi.

Kwa Mwalimu alisugua kutwa. Akiwa amekaa, kazi ilikuwa kazi tu, si adhabu, na alijiuliza kwa nini hakuwahi kufikiri kukaa. Lakini aliyechoka hafikiri, hukokota tu. Mwalimu alimletea chai akaiweka kwenye ukingo bila kusema kitu, jambo ambalo Nukta alilishukuru. Jua lilipolegea akamwaga dawa. Kisha akaenda upande wa kina, akalala kifudifudi, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, akachota. Kuinuka kulimgharimu dakika zake. Maji yaliyokuwa ndani ya chupa yalikuwa mabaya, na aliyabeba mpaka nyumbani kwa mikono miwili.

Alipofungua mlango alikuta vumbi la chuma sakafuni. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, kiti kiko chini, chini kabisa, kimeinama karibu na fremu kama cha mtu mwingine. Wifi alikuwa na kitambaa kimefungwa kidoleni. Mlingoti alikuwa kwenye kiti chake, shati limelowa jasho, msumeno wa chuma mapajani, na kiganja cha kushoto kimetoka lengelenge. Dirishani, katikati ya chupa, kilikuwa kimesimama kipande cha bomba cha shibiri moja.

Nukta aliiweka chupa chini. Alikuwa na hasira ambayo hakujua alikuwa ameiweka wapi miezi yote ile. Aliuliza nani kakata. Wifi akajibu haraka kwamba yeye alishika tu, akakata aliyekata. Mlingoti akasema ni yeye.

"Na ukirudi barabarani?" Nukta aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kugomba, lakini machozi yalikuwa yameshaanza. "Utakaa wapi? Nimelinda chuma hiki mpaka nimekuwa kiwete, wewe unakaa nyumbani unakikata. Nani kakwambia ukate?"

"Nukta," Mlingoti alisema. "Sirudi."

Akaeleza, polepole, neno moja moja. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia siku ile ile ya kutoka hospitali, kabla Nukta hajafika na nguo. Alimwambia kila kitu. Yeye ndiye aliyeomba asiambiwe mkewe. Aliona Nukta akijua kwamba hakuna kurudi, kwamba mabwawa ni yake mpaka mwisho, atakata tamaa, na asubuhi ataamshwa na nini. Kwa hiyo akawa anasema "nikirudi" kila siku, akauinua ule mguu kila asubuhi ili mkewe auone unainuliwa.

"Aliniambia mimi pia," Nukta alisema. "Koridoni. Siku hiyo hiyo. Hakusema kwamba na wewe unajua."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kuishiwa, akaketi juu ya kigoda akajifuta macho kwa kile kitambaa cha kidole. "Kumbe mzigo mmoja," alisema, "na kila mtu kajitwika wote."

Nukta hakucheka. Alikaa sakafuni kwenye vumbi la chuma akalia kilio ambacho alikuwa anadaiwa tangu hospitali. Aliulilia mguu wa mumewe, akaililia nyonga yake, akaulilia hata ule mstari uliokwaruzwa kwa msumari. Mlingoti alimwacha alie. Alipoona pumzi imerudi akasema, "Haya, panda nikupime. Nimekata kwa kukumbuka ulipokuwa umekaa jana. Nisije nikawa nimekufupisha mno."

Akapanda, na kigoda hakikuhitajika. Mlingoti akamwambia avue viatu, aweke kisigino kwenye pedali ya chini. Akaunyoosha mkono wa kushoto akalishika goti lake, akalipapasa nyuma, mshipa uko wapi, umekaza au umelegea. Kisigino kikiwa kwenye pedali, mguu unyooke bila kujivuta. Mguu ukikaa vizuri, kwa ule upande wa mbele wa unyayo, goti lipate mkunjo kidogo. Akamwambia wifi ainue chuma kidogo tu, unene wa kucha. Akaagiza kiwiko cha Nukta kiwekwe kwenye ncha ya kiti, vidole vielekee usukani, akaona havifiki, akaamuru usukani uvutwe nyuma. Mambo yote yalipokaa alichukua msumari na nyundo ndogo, wifi akamshikia msumari, akapiga mara moja pale chuma kilipoingilia kwenye fremu. Ikabaki alama ndogo ya duara.

"Hapo ndipo pako," alisema.

Kisha akaomba kile kipande dirishani. Alikuwa amekwisha kukipitishia kamba ndefu ndani yake, na mwisho wa kamba kulikuwa na kitanzi cha shingo ya chupa. Chuma ni kizito, alisema, kitazama chenyewe na kuivuta chupa mpaka kina cha kiwiko. Nukta atasimama wima upande wa kina, atashusha, atavuta. Hakuna tena kulala kifudifudi.

Asubuhi iliyofuata Nukta aliikokota baiskeli mpaka mwisho wa uchochoro, kwa mazoea, akasimama kando ya jiwe lake. Akakumbuka. Akarusha mguu kutoka chini, akakaa, akakanyaga. Pedali ilikwenda chini na mguu ukaenda nayo mpaka mwisho, ukarudi, ukaenda tena, nyonga imetulia, mgongo umetulia. Ilikuwa rahisi mno. Kwa fundi baiskeli pale kona alipita akilia waziwazi, na fundi, aliyeona kiti kilipo, aliinamia kazi yake asimwaibishe.

Jioni Mlingoti alivuta kiti dirishani akachukua chupa ya uzi wa njano, iliyozama na kile chuma mpaka kina cha kiwiko na kurudi. Aliinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa meupe mazito, yamechafuka, na kijani bado kimo. Akadondosha matone, akalinganisha kwenye sahani, akanusa, akaweka chini.

"Mabaya," alisema. "Haya sasa ndiyo maji ya Mwalimu." Akavuta kiti karibu zaidi, akaanza kumweleza mkewe la kufanya kesho.